Gauni Lililoharibika

Fundi cherehani alisoma swali kwenye tovuti ya maswali na majibu: "Nani anashona vizuri gauni la harusi?"

Wote walimtaja mdogo wake. Yeye, dada mkubwa, ndiye aliyemfundisha kushika sindano. Sasa binti huyo alishinda akijibu maswali ya watu pale, mara zipu, mara pindo, na wateja walimpita dada mtu mlangoni wakienda kwa mdogo wake chumba cha pili.

Roho ikamuuma. Akajipachika jina la uongo, akaandika: "Mimi aliniharibia gauni." Akatuma.

Cherehani ya chumba cha pili ikanyamaza. Mdogo wake akaingia, begani ana kitambaa cheupe alichojiwekea kwa harusi yake mwenyewe.

"Dada, kuna mteja nimemharibia gauni. Simkumbuki, lakini nimemjibu kwamba nitamshonea jingine kwa hiki."

"Na wewe utavaa nini?"

"Nitavaa lolote, bora asibaki na kinyongo." Akakitandaza mezani. "Nakata sketi kwanza, kiuno nitakipunguza akinitumia vipimo. Nishikie hapa."

Dada akashika. Kitambaa kilikuwa laini, kikimnata kwenye vidole vyenye jasho. Mkasi ukafunguka.

"Usikate," alisema. "Mteja huyo ni mimi."