Glavu ya Bersi

"Bibi, njoo ucheke!" binti mpiga picha aliniita mezani. Kijiji chetu cha kaskazini mwa Iceland kilikuwa kimemleta kwangu akae majira ya baridi, apige picha za pwani.

Nikaacha supu ya samaki jikoni, nikavaa miwani.

Pichani palikuwa na glavu ya sufu juu ya theluji, yenye vidole gumba viwili, kimoja kila upande.

"Aliyeifuma alikuwa amelewa, nini?"

"Hakulewa. Wavuvi tunawafumia hivyo. Kiganja kikichakaa, mtu anaigeuza na kuivaa upande wa pili."

Nikainama zaidi. Kwenye kifundo cha mkono palikuwa na mistari mitatu myekundu, wa tatu umekomea katikati, pale uzi uliponiishia. Tangu mashua ya mume wangu Bersi ipotee, nilikuwa nikiwaambia watu kwamba amekwama tu bandari nyingine.

"Uliiokota, mwanangu?"

"Nilijaribu, bibi. Ilikuwa nzito, kama imeshikwa na kitu chini ya barafu."

"Haya."

Nikarudi jikoni, nikamkatia mkate, nikaupaka siagi polepole mpaka ukingoni.