Hakuna pa Kutolea Upepo

Tangu Shomvi afunge matairi yasiyojazwa upepo, misumari ya barabarani haikuisumbua tena bajaji yake. Wenzake kijiweni walimwita Bwana Chuma. Yeye aliwajibu kwamba wao wataziba pancha mpaka wazeeke.

Asubuhi hiyo alikwenda hospitali kumchukua dada yake, Zaituni, aliyepasuliwa tumbo. Madereva wa mji ule wana desturi moja: ukibeba mtu mwenye mshono, unapunguza upepo kidogo ili asirushwerushwe. Shomvi alimketisha dada yake, akachuchumaa, akapapasa gurudumu kwa mazoea ya zamani akitafuta pa kutolea upepo. Mkono ukazunguka tairi zima bure.

"Unatafuta nini?" Zaituni aliuliza.

Dereva mwenzake aliyeegesha pembeni aliangua kicheko. "Leo umepatikana, Bwana Chuma! Mlete dada huku, yangu laini kama godoro."

"Nitampeleka mwenyewe."

Aliendesha taratibu, lakini walipofika kwenye changarawe bajaji ilitetema kama mashine ya kusaga. Zaituni alishika tumbo, akauma meno, kisha akamgonga begani.

"Simama, mdogo wangu. Utanifumua."

"Nikamwite yule?"

"Hilo amua na kiburi chako. Mimi natembea."

Akashuka, akaenda hatua moja moja akishikilia kuta za nyumba za watu. Bajaji ilimfuata nyuma, tupu, magurudumu yake yakiponda vipande vya chupa bila kupata hata mkwaruzo.