Swali la Kwanza la Bibi

Bibi hakumuuliza mchumba wangu Darlene jina. Alimpakulia supu ya mchele wa ziwani, akamuuliza, "Wewe mjukuu, ukoo wako upi?" Kwetu, watu wa ukoo mmoja ni ndugu; hawaoani.

Darlene alinishika mkono chini ya meza. Alilelewa na Wazungu, mbali na sisi Waanishinaabe, wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini, akakua hajui ukoo wake. Juzi alipompata baba yake mzazi ndipo alipoambiwa. Hata mimi alinificha, ili niusikie hapa mezani.

"Korongo," alisema, akitabasamu kama aliyeleta zawadi.

Upawa wa Bibi ulisimama juu ya bakuli. Tone moja la supu likaangukia kitambaa, likaenea taratibu. Ukutani alining'inia korongo aliyechongwa na babu yangu; alama ya ukoo wake, wa baba yangu na wangu.

Bibi alizunguka meza, akamkumbatia kwa nguvu. "Umerudi nyumbani, mwanangu," alisema, machozi yakimtoka. Darlene alicheka huku analia.

Bibi akanitazama juu ya bega la Darlene. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Mkaribishe dada yako."

Darlene alikuwa bado ameushika mkono wangu.