Kitenge cha Sekela

Katika chuo kile, msichana aliyetaka kujaribiwa kwenye timu ya netiboli alivua kitenge chake, akakitundika kwenye waya wa uzio, akaingia uwanjani na bukta. Aliyeachwa alirudi kukichukua na kujifunga upya, huku chuo kizima kikimtazama.

Sekela alikuwa amevaa bukta chini ya kitenge tangu asubuhi, wala hakuwa amemwambia mtu. Alisimama kando ya uzio, akimwangalia rafiki yake Nyamizi akitoka uwanjani. Kocha alikuwa amemwacha kabla hata hajahema.

Nyamizi alikivuta kitenge chake kwa hasira, kikanasa kwenye waya, kikachanika.

"Twende zetu bwenini, shoga," alisema bila kumtazama. "Kama mimi nimeachwa, wewe ndo utapona?"

Nyamizi ndiye aliyemfundisha Sekela kudaka mpira.

"Kuna mwingine?" kocha aliita, akiangalia saa yake.

Vidole vya Sekela vilikwenda kiunoni vyenyewe. Alikivua kitenge, akakipeleka kwenye uzio. Wenzake walikuwa wametundika vyao juu juu tu, vya kuchukulika upesi. Yeye alikifunga fundo, akalikaza kwa meno, kisha akafunga la pili juu yake.

"We Sekela! Sasa hiki utakifunguaje?" Nyamizi alimaka.

Filimbi ililia. Sekela alikuwa ameshaingia, na Nyamizi amebaki kwenye uzio, kalishika lile fundo.