Kuta Zinazotunza Sauti

Tangu kuta za magofu zilipoanza kutunza sauti, watu wa mji walijifunza kufunga midomo wakikatiza bustani yenye magofu hayo, maana neno ulilolisema pale linakungoja mpaka urudi. Salha alijisahau.

Asubuhi hiyo alimshika mkono mavyaa wake, Bi Mwanahawa, mama wa mumewe anayekaa naye, wakatembea taratibu chini ya mikwaju mpaka kwenye mlango wa nyumba ya kale. Bi Mwanahawa alivua viatu na kupiga hodi, kama ilivyo desturi ya kuingia magofuni. Salha alipokanyaga kizingiti, ukuta ukasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya siku alipokuwa pale akizungumza na dada yake kwa simu:

"Nimemchoka, dada. Nyumba si yangu tena. Ataondoka lini huyu mama?"

Salha alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama, mimi…"

"Twende, mwanangu. Jua limekuwa kali."

Njia nzima Bi Mwanahawa alisifu maua. Walipofika nyumbani Salha alitangulia kuingia, kisha akageuka. Mavyaa wake alikuwa bado nje, viatu mkononi.

"Hodi," aliita Bi Mwanahawa, akasimama kungoja akaribishwe.