Maziwa ya Ng'ombe wa Mahari

Mchumba wake alimkuta Noela zizini, akimkamua mmoja wa ng'ombe wa mahari. Barakoa ya kijana ilikuwa imejaa vumbi la barabara ya Nyarugusu.

"Harusi ya Jumamosi tuiahirishe," alisema. "Korona imemwachia mama yangu, lakini hata kuketi hawezi. Nisimame madhabahuni, yeye amelala ndani?"

Noela aliendelea kukamua. Povu la maziwa lilikuwa limefika ukingoni mwa ndoo.

"Baba yako akitaka kuvunja uchumba na kunirudishia ng'ombe, sitamlaumu."

Baba yake Noela, aliyekuwa ameegemea mlango wa zizi, aliguna. "Wameshazoea majani ya hapa. Labda uwabembeleze wewe."

Noela alisimama. Kwa desturi maziwa yale yalikuwa ya mama yake mzazi, na binti hakanyagi kwa wakwe kabla ya ndoa. Alimwomba Mungu kimoyomoyo, kisha akapiga goti mbele ya baba yake.

"Baba, naomba maziwa haya niyapeleke mwenyewe kwa mama mkwe. Nikae nimuuguze mpaka ainuke."

Mzee akaondoa gogo lililofunga mlango wa zizi.

"Si kwa kandambili hizo zilizojaa samadi," alisema. "Kavae viatu."