Manjano Upande Mmoja

"Nani kakwambia umpake—"

"Manjano yanakausha uvimbe, wewe mtoto—"

"Mama, nisikilize! Hii mashine inasoma kwa mwanga, sasa—"

"Mwanga ni mwanga, utapita tu!"

Saumu, fundi wa mashine ya picha pale hospitali, akashika kiuno. Hidaya, aliyeyapaka hayo manjano, hakumngoja. Alikuwa anasugua kwa mafuta ya nazi titi la kushoto la mdogo wake, Mwanamvua. Kitambaa kikatoka njano. Akakigeuza, akasugua tena. Ngozi ikabaki njano vile vile, kama wali wa shughuli.

Mwanamvua alikuwa kalala chali, vidole vya miguu havitulii. Picha ya leo ndiyo ingesema kama dripu za saratani zinaupunguza ule uvimbe au anateseka bure. Kesho anawekewa nyingine, na ile iliyopita ilimtapisha mpaka akasahau jina la mumewe.

"Hiyo rangi inameza mwanga," Saumu alisema, sauti imeshuka. "Na mimi nalinganisha titi linaloumwa na lile zima. Moja njano, jingine kawaida, nitasoma nini? Rudini wiki ijayo, ikishatoka."

"Wiki ijayo!" Hidaya akatupa kitambaa. "Jamani, mimi si nilitaka kumsaidia tu!"

Mwanamvua akainuka, akaketi. Akauvuta mkoba wa dada yake, akapekua, akatoa kikopo cha manjano na kumwekea mkononi.

"Dada, nipake na hili jingine."